Kabla ya kununua mbao ya gitaa, noa randa yako kwanza

Swali huwa ni lile lile. Mtu anatoka Kondele, mwingine Kakamega, mwingine ako Nakuru amepewa namba yangu na rafiki, na wote wanataka kujua kitu kimoja: fundi, nataka kutengeneza gitaa ya mbao, nianze na mbao gani? Alafu la pili ni vile zile mbavu, yaani mbao nyembamba za pembeni za gitaa, zinakunjwa. Karibu hakuna mtu anaanza kwa kuuliza kisu cha randa kinanolewa aje, na hapo ndipo gitaa nyingi za kwanza zinaharibikia, kabla hata chupa ya gundi haijafunguliwa. Kwa hivyo naandika mara moja, mtu akiniuliza tena natuma tu hii.

Elewa kitu kimoja tu kabla tuendelee. Uso wa gitaa, yaani ile mbao ya mbele yenye tundu, ni mwembamba sana, milimita mbili na nusu hadi tatu hivi, na umetengenezwa na vipande viwili vimeunganishwa katikati. Ile kingo ya kuunganisha ni nyembamba vile vile, milimita tatu, nne ukianza, na inafaa ishikane na mwenzake bila hata mwanga kupita. Randa butu haiwezi kukupea hiyo kingo. Msasa ndio mbaya zaidi juu unaviringisha pembe. Kwa meza ya kulia chakula unaeza toroka, unachanganya vumbi la mbao na gundi unajaza pengo, unapiga vanishi, mteja anabeba na anashukuru. Gitaa haina huo msamaha, nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 70 na hazipumziki usiku, za nailoni ni kama kilo 40.

Hapa tunanoa, tunaandaa mbao, tunatengeneza fremu, basi. Kukunja mbavu na mambo ya freti, vile vichuma vya kwa shingo, ni ya siku ingine.

VITU VYA KUTAFUTA KABLA UANZE

- Randa moja ya chuma, namba 4 au namba 5. Ya mitumba iko sawa kabisa na mara nyingi inashinda mpya ya bei rahisi. Zunguka soko la Kibuye hapa Kisumu Jumapili kwa wauzaji wa vyuma vya mitumba kabla ukimbie hadiwea. Angalia tumbo la randa, yaani ule upande wa chini unaoteleza kwa mbao, halina ufa, na mgongo wa kisu hauna mashimo ya kutu pale karibu na makali. Kutu ya juu juu sio shida, mashimo ndio shida.
- Patasi tatu: milimita 6, 12 na 25. Usinunue seti ya kumi, saba zitakaa tu kwa mfuko zikishika kutu.
- Kioo kinene, milimita 6 kuenda juu, urefu kama sentimita 40 na upana 15 au 20. Enda kwa fundi wa madirisha umwambie unataka kipande kilichobaki, na akupigie msasa kingo zisikukate.
- Msasa wa maji, ule mweusi au wa kijivu unaotumiwa na mafundi wa kupaka magari rangi. Duka za rangi ya magari ndio ziko na namba zote. Chukua 120, 240, 400, 800, 1200 na 2000, karatasi mbili mbili, lakini 240 chukua nne.
- Kigari cha kunolea, kile kifaa kidogo chenye kigurudumu kinachoshika kisu kwa pembe moja. Kuna mafundi wazee watakucheka ukikitumia. Wacha wacheke, wao mkono wao umezoea miaka.
- Kipande cha ngozi, hata mkanda mzee wa suruali bora ni ngozi ya kweli sio plastiki, ukigundishe kwa ubao ulionyooka. Na dawa ya kung'arisha chuma.
- Mafuta ya cherehani, kitambaa, makapeni (ile kalamu ya wino mzito), rula ya chuma, skwea ndogo.
- Tupa bapa na tupa ya pembe tatu.
- Skrepa, yaani kile kibati cha chuma cha msumeno cha kukwangua mbao.
- Kalipa ya kupima unene, na haigromita ndogo ya dijitali ya kupima unyevu wa hewa.

Umeona sijaandika grainda. Kama unayo na unajua kuitumia, tumia kuondoa pengo kubwa tu. Kama hujui, kaa nayo mbali, nitaeleza kwa nini. Kioo na msasa havihitaji stima na zinafika mahali pale pale.

KUNOA KISU CHA RANDA NA PATASI

1. Lowesha kioo, lalisha msasa wa 240 juu yake. Maji yenyewe yanaushika usiteleze. Hakikisha hakuna mchanga wala kipuli cha hewa chini yake, chembe moja tu ya mchanga inainua msasa na kisu kinapata mkwaruzo hautoelewa umetoka wapi.

2. Anza na mgongo wa kisu, yaani ule upande bapa. Hapa ndio watu wengi wanaruka, na ndio maana kisu kinanolewa wiki nzima na bado hakikati. Makali ni mahali pande mbili zinakutana, kama upande mmoja umejaa mikwaruzo na mashimo basi hata ule mwingine ung'ae kama kioo makali yatakuwa na meno meno. Paka makapeni sentimita mbili au tatu za mwisho, weka bapa kabisa kwa msasa, sukuma mbele nyuma. Ukiinua uone mahali wino umebaki, hapo ni bonde, endelea hadi wino wote karibu na makali uishe. Huhitaji mgongo wote, ni zile sentimita mbili za mwisho. Alafu panda 400, 800, 1200, 2000. Kazi hii inachosha vidole lakini kwa kila kisu unaifanya mara moja tu maishani.

ONYO: usiinue mkono hata kidogo wakati uko kwa mgongo. Ukiinua, unaviringisha ile pembe ya makali na utarudi 240 kuanza tena.

3. Angalia kama makali yako skwea na hayana pengo. Weka skwea ndogo ubavuni mwa kisu. Kikiwa kimeenda upande au kiko na jino limevunjika, simamisha kisu wima kwa msasa wa 120 na usugue makali yenyewe hadi yanyooke. Ndio, unakifanya butu kabisa, usiogope. Wenye grainda hapa ndio huitumia: gusa sekunde moja mbili, chovya kwa maji, gusa tena. Chuma kikigeuka rangi ya bluu kimepoteza ugumu, makali yatakuwa yanajikunja tu kila saa na hakuna kunoa kutakusaidia hadi umalize hiyo sehemu ya bluu yote, polepole.

4. Sasa pembe. Tunataka digrii 25. Huna haja ya kifaa cha kupima pembe, pima unene wa kisu na kalipa, alafu urefu wa ule mteremko uwe unene mara 2.4 hivi. Kisu cha randa chenye unene wa milimita 2, mteremko uwe karibu milimita 4.7. Patasi ya milimita 4, mteremko ni 9.5. Ukikuta ni mrefu sana basi kisu kimenolewa kwembamba mno na kitavunjika jino, ukikuta ni mfupi basi kiko kama shoka.

5. Funga kisu kwa kigari. Kwa vile vigari vya kawaida vya kubana pembeni, kisu cha randa kikitokeza mbele milimita 50 unapata digrii 25, kikitokeza 38 unapata 30. Patasi inakaa chini zaidi kwa kigari kwa hivyo ni milimita 40 kwa digrii 25 na 30 kwa digrii 30. Usiwe unapima na rula kila mara, chukua kipande cha mbao ukipigilie vizuizi viwili kwa umbali huo, unasukuma kisu kinagonga kizuizi, unakaza, umemaliza. Kila mara utapata pembe ile ile na hii ndio siri ya kunoa haraka.

6. Msasa 240, paka makapeni kwa mteremko, vuta kuja kwako. Finya vidole viwili karibu na makali, sio kwa kigari. Endelea hadi usikie mkunjo upande wa pili. Mkunjo ni kile kichuma chembamba sana kinachojikunja nyuma ya makali wakati mteremko umefika mwisho kabisa, unapitisha kidole kwa mgongo kuelekea nje ya makali (sio kando ya makali, utajikata) na unasikia kinakwama kidogo. Lazima uusikie makali yote, kona hadi kona. Ukisikia katikati tu, kona bado hazijafika.

Kama hakuna mkunjo, USIENDE namba inayofuata. Narudia hapa kwa sababu ndio kosa namba moja, mtu anapiga 240 dakika mbili, anaruka 800, anaruka 2000, mteremko unang'aa mpaka unajiona uso, na makali yenyewe hayajaguswa. Kung'aa sio kukata.

7. Ukishapata mkunjo panda 400, 800, 1200. Kila namba ni vuta kadhaa tu, unaondoa mikwaruzo ya namba iliyopita. Futa kisu na kigari na kitambaa kila ukibadilisha, usibebe chembe za 240 ukaziweke kwa 1200.

8. Sasa rudisha kisu nyuma kwa kigari kifike digrii 30, na kwa msasa wa 2000 vuta mara chache, kama kumi. Utaona mstari mwembamba unaong'aa mbele ya mteremko, upana wa nusu milimita hivi. Huo mstari ndio unakata. Uzuri wake ni kwamba wakati ujao kisu kikipunguza makali unanoa huo mstari peke yake, sio mteremko wote, dakika tatu umerudi kazini. Ukiona umekuwa mpana kama milimita mbili basi rudi hatua ya 6.

9. Geuza kisu, mgongo bapa kwa 2000, vuta mara tatu nne kuondoa mkunjo. Alafu ngozi na dawa, vuta kwa kurudi nyuma peke yake (ukisukuma mbele unakata ngozi), mteremko mara kumi na mgongo mara kumi. Mgongo ulale, usiinue.

10. Jaribu. Watu wanapenda kunyoa nywele za mkono, sawa, lakini nywele hata kisu cha wastani kinanyoa. Jaribio la kweli ni kichwa cha mbao laini, yaani pale mwisho ambapo nyuzi za mbao zimekatwa. Chukua kipande cha saiprasi, sukuma patasi kwa mkono bila nyundo. Ikitoka ganda jembamba na mbao imebaki laini inang'aa, umefika. Ikitoka unga na mbao imekaa nyeupe imechanika, bado.

RANDA YENYEWE, SKREPA NA MSUMENO

11. Kisu kikali ndani ya randa mbovu ni kazi bure. Rudisha kisu ndani kisitokeze lakini kiache kimekazwa, gundisha msasa wa 120 kwa kioo, sugua tumbo la randa mpaka wino wa makapeni uishe mbele ya mdomo, nyuma ya mdomo, na pale mwanzo na mwisho. Katikati penye bonde kidogo hapana shida. Alafu kile kibati cha juu kinachokaa juu ya kisu, kishike na kisu mwangani: kama mwanga unapita kati yao, maganda yataingia hapo na randa itaziba. Sugua mdomo wa kile kibati kwa kioo hadi mwanga ukatike. Ukikifunga, kiache nyuma ya makali kwa milimita moja kwa kazi ya kawaida, nusu milimita au chini kwa mbao yenye nyuzi zinazoenda huku na kule.

12. Skrepa inanolewa tofauti na kila kitu. Ibane kwa vaisi, pitisha tupa bapa hadi kingo iwe skwea kabisa, sugua kingo na pande zake kwa msasa wa 400 na 800 hadi mikwaruzo ya tupa iishe. Weka tone la mafuta. Alafu chukua chuma kigumu na laini, shina la skrudraiva nzuri linatosha, lisugue kwa pande bapa mara kadhaa, kisha juu ya kingo ukiliinamisha digrii kama tano, kumi. Hapo unakunja kingo kuwa kama ndoano ndogo, na hiyo ndoano ndio inakata. Usitumie nguvu nyingi. Skrepa utaipenda sana kwa mgongo na mbavu za gitaa, juu mbao zetu nyingi nyuzi zake zimepindana na randa inazing'oa.

13. Msumeno: wengi wenu tayari mnajua, tupa ya pembe tatu, jino baada ya jino, idadi ile ile ya misuguo kwa kila jino. Kama hujui, enda kwa fundi yeyote wa fanicha ukae naye asubuhi moja umletee chai, utajifunza kuliko nikuandikie. Ila jua msumeno wa kawaida haufai kwa mifereji ya freti, hiyo mifereji ni kama milimita 0.6 na msumeno wa seremala unakata mpana sana. Huo utanunua baadaye.

MBAO

Hapa sasa ndio lile swali la kwanza, na ona umbali tumetoka.

14. Amua nyuzi za gitaa kwanza, chuma au nailoni, kabla ya ramani (mchoro wa gitaa) na kabla ya mbao. Kama roho yako iko kwa omutibo, ule mtindo wa gitaa wa Waluhya, ile ya kina George Mukabi wa Kakamega na chupa ya soda inagongwa kando, hizo ni nyuzi za chuma, na ndani ya uso vihimili, vile vijiti vya kuutia nguvu, vinapangwa kama herufi X. Nailoni vihimili vinapangwa kama feni, mtindo wa yule Mhispania Antonio de Torres wa karne ya 19. Huwezi kuchukua ramani ya nailoni ukafunga nyuzi za chuma, uso utabonyea. Kwa anayeanza mimi nasema nailoni, nguvu ni kidogo na makosa yanasamehewa zaidi.

15. Tafuta ramani ya saizi kamili na uichapishe kwa duka la kuchapisha ramani za nyumba. ONYO: mwambie asipunguze kutoshea karatasi. Ukifika nyumbani pima na rula ya chuma kutoka nati (kile kipande nyuzi zinapitia juu ya shingo) hadi daraja (pale nyuzi zinashikwa kwa uso), kama ramani inasema milimita 650 na unapata 643, rudisha. Jaribio lingine: freti ya 12 lazima iwe katikati kabisa, 325 kwa 650. Ya kwanza unapata kwa kugawanya 650 kwa 17.817, ni 36.5 hivi. Kila freti ipimwe kutoka nati, usipime freti hadi freti, makosa madogo yanajumlishana.

16. Mbao za kujaribia: saiprasi. Iko kila mahali, inatoka huko Elburgon na Molo, ni nyepesi, na Wahispania wametengeneza magitaa ya flamenko kwa mbao za ukoo huo huo miaka mingi. Inafaa mgongo na mbavu, na kwa gitaa ya kwanza hata uso unaeza ufanya nayo ukipata kipande kisicho na macho, yale mafundo ya matawi. Angalia mwisho wa ubao: ile mistari ya umri wa mti isimame wima, isilale. Kwa lundo la mbao mia utapata chache tu, kwa hivyo ongea na mwenye yadi vizuri akuruhusu kupangua, na upange tena ukimaliza.

Uso wa kweli ni sprusi au sida nyekundu ya Amerika Kaskazini, na zote ni za kuagiza. Hapa watu wanachanganyikiwa: sida ya kwetu, ile ya posti za ua, sio hiyo. Ya kwetu ni mutarakwa, jamaa ya juniper, mti tofauti kabisa, ni mzito zaidi na unapasuka ovyo. Usidanganywe na jina.

Shingo: mahogani nyepesi, iliyonyooka. Ubao wa vidole: mpingo ukipata, lakini jua mpingo unamaliza makali haraka, kaa na msasa wa 2000 karibu. Mvule nao ni mzuri kwa macho lakini una vijiwe vya chokaa ndani, kisu kikikutana na kimoja kinapata pengo saa hiyo hiyo na unarudi hatua ya 3. Na vumbi lake linawasha ngozi na kifua, vaa barakoa. Na mbao yoyote ya msitu wa asili, uliza imetoka wapi na iko na karatasi.

17. Kausha. Mbao ya yadi imekaa kwa mvua, hata muuzaji aape namna gani. Ipasue iwe milimita 5 hivi, ipange ndani ya nyumba na vijiti vya kutenganisha kila sentimita 30, uzito juu. Sio chini ya mabati moja kwa moja, saa nane mchana Kisumu hapo juu ni kama jiko na mbao itajipinda. Andika uzito wa kila kipande kwa kipande chenyewe, pima kila wiki kwa mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu nne mfululizo, imefika.

18. Haigromita. Mafundi wa gitaa wanalenga unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50 wakati wa kugundisha. Sisi tuko kando ya ziwa, asubuhi nyingi hewa iko juu ya hapo, na mvua ya Machi hadi Mei usiseme. Kwa nini ni muhimu? Ukigundisha vihimili mbao ikiwa imevimba na unyevu, alafu mteja abebe gitaa aende Nakuru Januari, mbao inataka kusinyaa, vihimili vinaikatalia, inapasuka. Ukigundisha ikiwa kavu kisha ije kwa unyevu, inavimba tumbo kidogo tu na kurudi. Kwa hivyo gundisha mchana siku ya jua, na mbao zikae kwa kabati lililofungwa lenye globu ndogo ya joto inayowaka chini, mbali na mbao na vumbi, na usitoke nyumbani ukaiacha.

Hakikisha pia haigromita haidanganyi: weka chumvi kwa kifuniko cha soda, ilowe iwe kama uji mzito isiyeyuke yote, ifungie na haigromita ndani ya mfuko wa plastiki masaa manane. Inafaa isome 75. Ikisoma 80, jua kila siku unatoa 5.

UBAO WA KURANDIA, FREMU, NA MTIHANI

19. Tengeneza ubao wa kurandia kingo: plaiwudi ya milimita 18 urefu sentimita 60, juu yake gundisha nyingine nyembamba ikiacha njia ya randa kulala kwa ubavu na kuteleza. Kingo ya hiyo ya juu iwe imenyooka kabisa, ipime na rula ya chuma mwangani.

20. Fremu ya umbo: chora nusu ya gitaa kutoka ramani kwa plaiwudi nyembamba, hiyo ndio templeti, unaigeuza upande wa pili ili pande zote zifanane. Kata plaiwudi za milimita 18, tatu kila upande, gundisha pamoja, safisha ndani hadi iwe wima. Gitaa ya nailoni ya kawaida ni kama milimita 370 pale chini penye upana, 280 juu, 235 kiunoni, lakini fuata ramani yako.

21. Mtihani, usiruke. Chukua vipande viwili vya saiprasi vya unene wa milimita 4 na urefu wa 50 sentimita. Vikunje pamoja kama kitabu, weka kwa ubao wa kurandia, randa kingo zote mbili kwa pamoja. Ukifanya hivi, hata randa ikiwa imeegemea kidogo, pembe ya mmoja inafidia ya mwingine ukivifungua. Vishikanishe mbele ya dirisha. Mwanga ukipita hata kama unywele, rudia. Usipopita, gundisha na gundi nyeupe ya mbao, funga kwa kamba na kabari kama hauna klampu ndefu, weka gazeti chini isishike meza. Kesho yake vunja kwa goti. Ikivunjika kando ya muungo, mbao yenyewe ikachanika, umepita na sasa nenda ukatafute mbao ya kweli. Ikifunguka pale pale kwa gundi, bado.

SHIDA ZINAZORUDI

Nimenoa masaa mawili na haikati. Hukupata mkunjo, au mgongo haujalala. Makapeni itakuambia ni gani.

Makali yanaisha baada ya dakika tano. Ama pembe ni nyembamba, rudisha digrii 30, ama chuma kilichomwa na grainda ya aliyekuuzia. Noa milimita chache upite sehemu iliyochomwa, mara nyingi mbele kuna chuma kizuri.

Randa inaacha mstari mrefu kwa mbao. Kuna pengo dogo kwa makali, au jino kwa tumbo la randa. Kama mistari iko miwili sambamba ni kona za kisu, zisugue kidogo kwa 800. Lakini kisu cha kuunganisha uso kiache kimenyooka.

Randa inang'oa mbao. Geuza ubao, unaenda kinyume cha nyuzi. Ikiendelea pande zote mbili, sogeza kile kibati cha juu ya kisu karibu na makali, punguza kisu, na ikikataa kabisa toa skrepa.

Skrepa inatoa unga. Ndoano imeisha au haikuwahi kuwepo. Rudi hatua ya 12, usiruke tupa.

Muungo unaonyesha mwanga kwa ncha mbili tu. Unaanza na kumaliza vibaya: mwanzo finya mbele ya randa, mwisho finya nyuma. Ukiona mwanga ni katikati peke yake, mwembamba sana na ukifinya kwa vidole unaisha, huo uache, wengine hufanya hivyo makusudi.

Kutu inarudi kila wiki. Uko Dunga au Nyalenda karibu na maji, itarudi tu. Futa mafuta ya cherehani kwa kila kisu jioni, usiache randa imelala kwa tumbo juu ya mbao mbichi, na kabla ya kugusa mbao ya gitaa asubuhi futa hayo mafuta yote kwa kitambaa kikavu, juu mahali penye mafuta gundi haishiki.